Faili la Bibi Harusi

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu walikaa waandika programu wawili, mmoja mwanamume, mwingine mwanamke, ambao hawakujuana hadi kila mmoja alipochungulia laptop ya mwenzake. Kaka akajigamba kwamba kazini kwao kila mtu ana nakala yake ya kazi yote.

"Kwetu kazi iko kwenye seva moja, kompyuta kuu ya wote," dada akajibu, kidevu juu. "Ukitaka kugusa faili, unalifunga kwa jina lako, mwingine asiweze kulibadilisha. Ukimaliza, unalifungua. Hakuna wa kumharibia mwenzake."

"Na aliyelifunga akisahau?"

"Mwenzetu alisahau, akaenda kuolewa. Tulimfuata ukumbini, akalifungua na shela kichwani, bwana harusi kamshikia laptop!" Alisimulia kama aliyerudi vitani na ushindi.

"Hiyo ni aibu, dada."

"Aibu ni yenu. Mkiulizwa nakala ipi ndiyo yenyewe, mnatazamana."

Basi likasimama, na simu ya dada ikaita. Sauti ya upande wa pili niliisikia hata mimi: "Dada, faili la programu ya tiketi limefungwa kwa jina lako tangu jana!"

Akashuka mbiombio, kidevu bado juu. "Umeona, kaka?" akapaza sauti kutoka chini. "Hawakuhangaika kuuliza ni nani aliyelifunga!"