Kisima Kilichobakiza Shule

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu acha kusimama mlangoni kama mgeni, njoo ukae hapa miguuni pangu, kwa sababu mengi nitakayosema yanakuhusu wewe na yule mnunuzi wako aliyekuja jana kukipima kiwanja kwa macho akidhani nimelala. Sikulala. Wala sina hasira nawe, maana mambo haya yalipotokea hukuwa umezaliwa.

Ile shule iliyo nyuma ya uzio wetu, ambayo watu husafiri kutwa nzima ili wapige picha getini kwake, mimi niliijua kwa vitambaa kabla ya kuijua kwa macho. Marehemu baba yenu alinioa nikiwa na cherehani yangu, na kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kushona sare za wanafunzi wa shule hiyo. Ilikuwa shule ya serikali, ya bweni, ikichukua vichwa vya nchi nzima, humo wametoka majaji, madaktari na mawaziri, na kila nilipomsikia mmoja wao redioni nilimwambia baba yenu, "Huyu namjua kiuno." Lakini mtoto wa mtaa huu hakuingia mle ndani, labda awe amefuata mpira.

Dada yenu mkubwa alipofaulu kuwapita wote wilayani, nilivaa gauni langu la harusini nikampeleka kwa mwalimu mkuu. Walimwita Bwana Tai, kwa sababu hakuivua tai yake hata akimwagilia maua, na wanafunzi wakasema ni yule ndege mwenyewe, anawaona wote kutoka juu. Alitupokea kwa heshima, akamsifu mtoto, kisha akasema, "Mama, vitanda vimejaa." Nikarudi kushona sare za watoto wa wenzangu, dada yenu akinipa vifungo, na kinyongo kikanikaa kifuani.

Mwaka uleule mvua ikagoma. Mto ukabaki mchanga, mabomba ya shule yakakohoa vumbi, na wizara ikaamuru shule ihamishiwe mji mwingine, tena isirudi. Kisima cha baba yenu hakikukauka. Basi asubuhi moja nikamkuta Bwana Tai uani, peke yake, viatu vimejaa vumbi, akaomba maji ya kuwapikia watoto mpaka malori yafike. Shangazi yenu, tuliyekuwa tukiishi naye, akanivutia jikoni akaniuliza kama nina akili timamu, nitawapaje maji watu walionifungia mlango, na yakiisha je, tutakunywa sare? Hakuwa na roho mbaya, wanangu. Aliogopa, na haki ya kuogopa alikuwa nayo. Nikatoka nikamwambia mwalimu, "Maji utapata, na sikuuzii. Lakini mwanangu ana kitanda chake hapa nyumbani. Mimi nilikuja kuomba dawati."

Alicheka mpaka akashika ukuta, akakiri kwamba tangu shule ijengwe hakuna aliyewaza kuwa mtoto anaweza kusoma pale na kulala kwao.

Mngeiona siku ile! Uzio ukatobolewa, wanafunzi wakajipanga kutoka kisimani hadi jikoni kwao, majirani wakajiunga, ndoo zikapita mkono kwa mkono huku watu wakiimba, na mshikio wa ndoo moja ulipokatika, Bwana Tai akaivua tai yake akaufunga nayo. Watoto walishangilia hata wakamwaga maji. Afisa wa wizara alifika na malori akakuta vyungu vinachemka na madarasa yamejaa. Akanywa kikombe kimoja, akaomba cha pili, akaandika kwamba shule ina maji, na malori yakarudi matupu. Jumatatu dada yenu akapita kwenye tundu la uzio, mwanafunzi wa kutwa wa kwanza wa shule ile, amevaa sare niliyoishona nikiimba. Shangazi yenu alininunia mpaka mvua iliponyesha, na siku hiyo tulicheza sote wawili matopeni.

Sasa shikeni maneno yangu. Nyumba hii ni ya kitinda mimba. Cherehani apewe mjukuu wangu anayependa kuharibu mapazia. Shangazi yenu mpeni chumba changu, chenye dirisha, na msimwache ale peke yake. Lakini kiwanja cha kisima kisiuzwe, kwa sababu mnunuzi anataka kujenga ukuta, na pale kwenye tundu kuna mlango mdogo ambao watoto wa mtaa huu huupita kila asubuhi kwenda shule. Siku ya kunizika msiufunge. Wapite katikati ya waombolezaji, na wakicheka, waacheni wacheke.

Niinulieni mto kidogo... hapo. Umesema nini, kitinda mimba? Sema kwa sauti, masikio yamechoka. Utamwambia mnunuzi kesho? Mwambie leo, baba, nisikie ukimwambia.

Haya. Leta kichwa chako. Na ninyi wote, leteni... mkono wangu haufiki mbali. Mungu awape riziki isiyo na ugomvi, awape watoto wa kuwasumbua kama mlivyonisumbua, na... nyumba yenu isikose mtu wa kucheka. Nimefurahi nanyi, wanangu. Nimefurahi sana... Nendeni mkale.