Qiu Yanting (1954–2019), Aliyeandika Jina la Bwawa

Marehemu Qiu Yanting alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 katika kijiji cha Shuangxi. Baba yake aliwaandikia majirani karatasi nyekundu za kubandika milangoni mwaka mpya, na mtoto alijua kushika brashi kabla ya vijiti vya kulia chakula.

Mwaka 1978, mitihani ya kuingia vyuoni iliyokuwa imefutwa iliporudishwa, aliingia chuo cha ualimu. Mwaka 1980 alimwoa muuguzi Lu Suyun, ambaye husema aliposwa na mwandiko, si na sura.

Alianza kama karani wa serikali, akapanda hadi naibu gavana wa jimbo mwaka 2003. Kila daraja, shule na stesheni aliyofungua ilibeba jina aliloliandika mwenyewe, likachongwa kwenye jiwe na kupakwa dhahabu. Wakubwa wengi hufanya hivyo. Yeye alizidi.

Septemba 2009, mhandisi Wei alimsihi asifungue bwawa la Bailuwan.

“Mheshimiwa, nipe miezi mitatu. Ukuta una nyufa.”

“Tarehe imeshachongwa kwenye jiwe, Wei. Wewe ziba nyufa, mimi nitaziba midomo.”

Lilifunguliwa Sikukuu ya Taifa, tarehe 1 Oktoba. Tarehe 17 Juni 2010 lilipasuka. Watu thelathini na mmoja wa kijiji cha Xiaping, chini ya ukuta, walikufa. Ripoti aliyoipitisha ilisema ni mvua.

Asubuhi ya tarehe 4 Novemba 2013, akienda kazini, aliwaona mafundi kwenye lango la stesheni wakiyakwangua maandishi yake.

“Mheshimiwa, tugeuze gari?” aliuliza Pang, dereva wake.

“Wanasafisha tu.”

“Kwa patasi, mzee?”

Kwetu hakuna tangazo la kuanguka kwa mkubwa lililo wazi kuliko hilo. Saa nne alichukuliwa na wapelelezi wa rushwa kutoka mkutanoni. Alifungwa miaka kumi na miwili kwa rushwa. Bwawa halikutajwa mahakamani.

Mwaka 2018 aliruhusiwa kutibiwa saratani ya ini nyumbani. Jamaa walimwomba awaambie wafiwa ukweli. Kila mara alijibu, “Ilikuwa mvua.”

Tarehe 22 Aprili 2019 mvua ilinyesha tangu alfajiri.

“Maji yamefika wapi?” aliuliza.

“Maji gani, Baba Heng? Bwawa halipo tena,” alijibu mkewe Suyun.

“Waambieni Xiaping wapande mlimani. Haraka.”

Alifariki saa sita mchana.

Ameacha mjane, binti yake Heng na wajukuu wawili. Familia ilishauriwa na wakubwa isiitaje Xiaping katika tanzia ya leo. Imeitaja. Apumzike kwa amani, kama wale thelathini na mmoja watamruhusu.