Uso wa Maeyken kwenye Bamba la Shaba

Marehemu Gommaar Teerlinck alizaliwa Lier tarehe 11 Oktoba 1541, mtoto wa kwanza wa mfua dhahabu Adriaen na mkewe Barbele. Alifuatwa na mdogo wake mmoja tu wa kike, Maeyken, ambaye Gommaar alimbeba mgongoni mpaka majirani wakamwita yeye yaya.

Alisoma shule ya parokia, kisha akahamia Antwerp kujifunza kuchonga mabamba ya shaba ya kuchapia picha. Akawa fundi wa picha za mashahidi wa imani: waliochomwa, waliokatwa vichwa, waliotupiwa simba. Simba hakuwahi kumwona, hivyo akawa anamchora paka wa nyumbani. Digna, aliyemwoa mwaka 1566, alikuwa akimtania: "Baba Katelijne, mtakatifu wako huyu atakufa kwa kulambwa."

Mwaka 1571 Maeyken alichomwa moto uwanjani kwa kosa la kubatizwa upya ukubwani. Ulimi wake ulibanwa kwa chuma asiimbe. Marehemu alikuwamo katika umati, akawaona majirani wakipokezana kuni.

Miaka kumi na mitano baadaye aliagizwa picha ya Mtakatifu Apolonia motoni, akampa uso wa Maeyken. Ilinunuliwa kama mkate wa moto. Hakimu aliyemhukumu Maeyken aliitundika juu ya kitanda chake, na majirani walewale wakaililia. Hilo lilimuuma marehemu kuliko ule moto: kumbe machozi walikuwa nayo.

Muuza samaki mmoja akautambua uso, habari zikafika barazani. Hakimu akamwamuru marehemu aukwangue kwenye bamba. "Fundi, ni uso tu huo," alisema.

"Mheshimiwa, ulishaufuta mara moja, nami nikanyamaza. Safari hii tafuta mkono mwingine."

Mkono mwingine haukukosekana. Mafundi wenzake ni wengi. Apolonia sasa ana sura ya mtu asiyejulikana na yeyote, na angali anauzwa mlangoni pa kanisa.

Kwa kukataa huko, marehemu alifungwa majira yote ya baridi katika chumba cha chini kinachovuja maji, akatoka anakohoa damu. Alifariki tarehe 3 Machi 1588, kichwa kikiwa mapajani mwa Digna. Padri alimuuliza kama ana la kujutia. Alijibu kwamba siku ile, ulimi wa mdogo wake ulipofungwa, wa kwake ulikuwa huru, na hakuimba.

Ameacha mjane Digna, binti yake Katelijne na wajukuu wawili. Maeyken hana kaburi, kwa hiyo jina lake tumelisoma hapa, kando ya la kaka yake. Mungu awape wote wawili amani, maana sisi tuliwanyima.