Narcisse Ciza na Msimu wa Tatu

Wazee wa kanisa, majirani wa Dzaleka, ndugu mliotoka Lilongwe mjini, Area 18, Area 49 na Chinsapo, na ninyi vijana wa Koleji ya Nsangu mliokuja mmevaa jezi zenu, familia ya Ciza inawashukuru kwa kufika, nami Marguerite, mdogo wake wa tumbo moja, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yetu kwa sababu, walisema, sauti ninayo na aibu sina. Nitafuata mpango kama ulivyo, kuanzia kuzaliwa hadi kufa, ila anayetaka kusikia kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, asiyebishana na mtu, huyo amekosea njia na kuingia kwenye matanga ya mwingine.

Marehemu Narcisse Ciza alizaliwa Uvira, mtaa wa Kavimvira, tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa papa yetu Gaspard, mkulima wa mpunga, na mama yetu Mathilde, ambao wote wawili wametangulia. Alianza shule ya msingi mwaka 1965 hapohapo Uvira, akaendelea na sekondari, akapata diplome ya Serikali mwaka 1977, na ni katika miaka ile alipojaribiwa mara moja tu katika timu ya shule, beki ya kushoto, akafunga bao zuri la kichwa kwenye lango lake mwenyewe, wakamwambia akae pembeni apige kelele. Hiyo njo ilikuwa kazi yake ya maisha, ile ya mshahara alikuja kuitafuta baadaye.

Mwaka 1979 aliajiriwa kufundisha jiografia katika koleji moja ya mtaa wa Mulongwe, na mwaka huohuo akachaguliwa kiongozi wa mashabiki wa timu ya koleji, cheo ambacho hakikuwa na malipo wala mpinzani. Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na dada Véronique, binti wa Bukavu, aliyekaa mbele ya padri akimngoja, kwa sababu siku ile timu ilicheza asubuhi na mechi ilichelewa, bwana harusi akaingia kanisani na matope kwenye viatu. Shemeji akamwambia pale pale mlangoni, watu wote tukisikia, kwamba miguu yake haitakanyaga kiwanja cha mpira maisha yake yote, na kweli, ndugu zangu, mpaka leo hii asubuhi haijakanyaga. Mungu aliwapa watoto watatu, Ketsia mwaka 1985, Divin mwaka 1990 na Cadeau mwaka 1995.

Sasa nafika kwenye vita, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana bila hili hamtamwelewa mtu aliyelala humu ndani ya sanduku. Mwezi wa kumi mwaka 1996, timu ya koleji ya Uvira ilikuwa ya kwanza katika msimamo, mechi tatu zimebaki, vita ikaingia mjini, wachezaji wakatawanyika milimani na ziwani, na watano kati yao hatujui walipo hadi leo. Kaka, aliyekimbia pia, alirudi mwaka 1997, akakusanya wengine, akaanza upya, mwaka 1998 wakafika fainali, iliyopangwa Jumapili tarehe 9 Agosti, na vita ya pili ikafika mjini kabla ya Jumapili ile, tukakimbia na nguo tulizovaa. Misimu miwili, na yote miwili ilikatwa. Watu walipomcheka kambini kwamba analilia mpira wakati wengine wanalilia nyumba, aliwajibu kwamba mkimbizi ni mtu ambaye hakuna hata kitu kimoja alichoachiwa akimalize, nyumba yake haikuezekwa yote, mtoto wake hakumaliza darasa, mahari ya binti yake haikuisha kulipwa, na kwamba yeye, Narcisse, kabla hajafa, atamaliza kitu kimoja, ataona msimu mmoja mzima, kuanzia filimbi ya kwanza hadi filimbi ya mwisho, basi.

Walipita Kigoma, kambi ya Lugufu, na huko mwezi wa pili mwaka 1999 malaria ilimchukua Cadeau, mtoto wa miaka mitatu, nami sitasema zaidi juu ya hilo kwa sababu mama yake ananisikia. Waliendelea Mbeya, wakavuka mto Songwe kuingia Malawi, wakafika kambi hii ya Dzaleka tarehe 11 Juni 1999, kaka akafundisha batoto wa kambi chini ya turubai, akashona nguo kwa cherehani ya kanisa, akauza kaunjika, zile nguo za mitumba, hakuna kazi aliyoidharau.

Mwezi wa nne mwaka huu, 2002, mwaka wa njaa kama mnavyojua wote, alikuja Lilongwe kuniletea mafuta ya rasheni kwenye kopo lake la bati, maana huko Chinsapo ninakoshona sisi hatupati rasheni. Akipita karibu na Koleji ya Nsangu aliona mpira unaanza, mechi ya kwanza ya ligi ya vyuo, akasimama kidogo, na kidogo yake mnaijua. Vijana hawa mnaowaona hapa walifungwa mabao manne, na upande wao hakukuwa na shabiki hata mmoja isipokuwa mbuzi aliyefungwa kwenye mti, na baada ya bao la nne kaka akashindwa kuvumilia, akachukua jiwe, akapiga lile kopo kwa nguvu zake zote, akipaza sauti, bado, bado, bado! Kifuniko kiliruka, na mafuta yangu, bandugu, mafuta niliyoyangoja mwezi mzima, yalinywewa na majani ya Koleji ya Nsangu.

Wao walidhani ni kichaa, halafu wakadhani anawacheka, ila Jumamosi iliyofuata alikuwa palepale, na iliyofuata, kabaza, baiskeli ya abiria, kutoka hapa hadi barabara kubwa, matola, gari la mizigo linalopakia watu, hadi mjini, ugali wao wa nsima kwangu Ijumaa jioni, kiwanjani Jumamosi. Kutoka kambini kunataka ruhusa, sote twajua, na sote twajua pia kwamba mtu akiulizwa sababu husema hospitali, lakini kaka alisema mpira, mbele ya afisa, bila kupepesa macho. Mara nyingine afisa alicheka akampa, mara nyingine alikasirika akamnyima, na mechi ikachezwa kaka akiwapo, mimi siulizi alifikaje.

Kufika mwezi wa sita, upande mzima wa koleji ulikuwa unaitikia, wanafunzi wa Malawi ambao hawajui Kiswahili hata cha kuomba maji walikuwa wanajua neno moja, kopo likilia wanajibu, bado! Limbani, kapteni wao, aliyekaa pale mbele, alimuuliza siku moja maana yake, kaka akamwambia maana yake ni kwamba filimbi haijalia, kwa hiyo asiinamishe kichwa. Sitadanganya mbele ya maiti kwamba timu ikawa nzuri, walishinda mbili, wakatoka sare tatu, zilizobaki walifungwa, na siku waliyoshinda ya kwanza, mwezi wa nane, mwalimu wa jiografia wa miaka arobaini na tatu alilia barabarani mpaka Chinsapo, watu wakanipa pole wakidhani tumefiwa.

Ugonjwa ulianza kuonekana mwezi wa saba, miguu ikavimba, pumzi ikakata, kliniki ya kambi ikamtuma hospitali kubwa ya Lilongwe, daktari akamwambia ni moyo, umepanuka, atumie dawa, apumzike, na kelele aache kabisa. Alimeza dawa zote kwa uaminifu, hilo nashuhudia, lakini kuhusu kelele alimwambia daktari kwamba kunyamaza atanyamaza sana akishakufa, hana haraka ya kuanza mazoezi. Mimi nilimkataza, shemeji alimkataza, mzee Cyrille wa kanisa letu alikuja kumkataza na Biblia mkononi, akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama yeye mzee angemwacha Bwana wakati ibada imebakiza wimbo mmoja. Mwezi wa kumi hakuweza tena kupanda kwenye matola peke yake, wachezaji wakawa wanakuja kumpokea barabarani na kumbeba kwenye kiti hadi kiwanjani, na kopo juu ya mapaja yake.

Jumatano wiki hii alizidiwa, na Alhamisi tarehe 14 Novemba 2002, saa kumi na mbili asubuhi, alifariki nyumbani kwake hapa Dzaleka, mikononi mwa mke wake, mechi moja ikiwa imebaki. Moja, bandugu! Niliposikia, Mungu anisamehe, sikulia kwanza, nilikasirika, nikapiga ukuta kwa kiganja, kwa sababu niliona vita imemfuata hadi Malawi kumkata msimu wa tatu.

Jana mchana vijana hawa walikuja kwenye matanga, wakavua viatu, wakakaa chini kwa heshima iliyotugusa wote, na Limbani akasema kwamba vyuo viwili vimekubaliana, kwa kuwa kuna msiba, na kwa mila ya hapa maliro yakiwapo mpira hauchezwi, mechi ya leo wameifuta, na kwa kuwa Nsangu ni ya mwisho hata wakishinda kumi, haitachezwa tena, kila timu itapewa pointi moja na msimu umefungwa, yote kwa heshima ya Papa Bado, kama walivyokuwa wanamwita. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, kweli ni heshima kubwa, wengine wakaanza kuwapigia makofi.

Hapo ndipo dada Véronique, ambaye kwa desturi yetu mjane hanyanyuki kwenye mkeka wala hasemi mbele ya wageni mpaka bwana yake azikwe, alinyanyuka. Alisema, na mimi nilikuwa mita moja kutoka kwake, nasoma kama alivyosema: "Banangu, asante kwa pole yenu, zikomo, lakini bwana yangu vita ilimukatia mara mbili, ninyi bamupenzi bake musimukatie ya tatu. Mutacheza. Mufungwe sita, mufungwe kumi, mutacheza mpaka filimbi." Ketsia akawatafsiria kwa Kichewa, na Limbani, kijana mrefu vile, akajifunika uso kwa jezi akalia, halafu akatoka nje kutafuta simu ya kupigia koleji ile nyingine.

Kwa hiyo familia inatangaza, na hili si ombi, kwamba mechi itachezwa leo Jumamosi saa tisa alasiri, kiwanja cha Koleji ya Nsangu, na kutoka makaburini tutaenda moja kwa moja, matola mbili zimeegeshwa pale kwenye mashine ya kusaga. Mzee Cyrille, nakuona unatikisa kichwa, tikisa tu, shingo ni yako. Najua mtasema mjane haachi mkeka wa matanga, na sisi si watu wasio na desturi, hataacha, mkeka tutaubeba, tutautandika pembeni mwa kiwanja mahali pale alipokuwa anakaa marehemu, naye atakaa juu yake kama inavyotakiwa. Najua pia kuna waliopendekeza kopo lizikwe naye, wazo zuri, wamshukuru Mungu kwa wazo hilo, lakini kopo lina kazi leo, na atakayelipiga ni Véronique mwenyewe, aliyeapa mbele ya mlango wa kanisa kwamba hatakanyaga kiwanja. Jana usiku nilimkumbusha kiapo chake, akanijibu kwamba aliapa kwa miguu, na yeye atakuwa ameketi.

Ruhusa ya kutoka kambini tuliiomba jana kwa watu wote, na tulipoulizwa sababu, shemeji alisema mpira, na afisa, yule yule aliyekuwa anakasirika, ametupa bila kuuliza la pili, na yeye mwenyewe amekuja, yuko pale nyuma amevaa kofia.

Familia inawashukuru wauguzi wa kliniki ya kambi na madaktari wa Lilongwe, waliomtibu mgonjwa mbishi bila kumchoka, walimu wenzake waliofundisha vipindi vyake alipolala, majirani waliochota maji na kupika tangu Alhamisi, kanisa lililotupa sanduku na nyimbo, mzee Cyrille pia, aliyempenda kwa kumkaripia, na ninyi vijana wa Nsangu, mliomwita baba mtu asiye wa nchi yenu, mkambeba. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mdogo mmoja mwenye mdomo, na timu moja mbovu. Anayetaka kuweka udongo aweke kwa upendo lakini asichelewe, na anayetaka kulia alie, mimi mwenyewe nimebana tangu ukurasa wa kwanza na nitalia nikishakaa chini.

Kaka Narcisse, umefundisha, umeoa, umezaa, umekimbia, umezika mwanao, hukuinamisha kichwa hata siku moja, na safari hii hakuna bunduki itakayokukatia. Pumzika kwa amani kuanzia leo saa kumi na moja kasorobo, filimbi ya mwisho ikishalia, kwa maana kabla ya hapo, kaka, ni bado.