Kikohozi Alichokimeza Zumari

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi wa mito na magodoro ya sufi, mama wa binti mmoja. Karakanani walimwita Zumari. Halikuwa jina la sifa. Alipewa na mama mkwe wake, kwa sababu kifua chake kikibana kilipiga filimbi.

Alikuwa na pumu. Narudia, alikuwa na pumu, na karakana ilikuwa ya mkwewe.

Kazi ya sufi ina masharti yake. Dirisha hufungwa, maana upepo kidogo tu, sufi yote iko darini. Na anayekohoa hutolewa nje, akashone foronya kibarazani huku wenzake wakimcheka. Zumari alikuwa na mkono mwepesi. Mto wake haukuwa na donge hata pembeni. Hakutaka kutolewa. Basi akajifunza kumeza kikohozi. Alibana kitambaa mdomoni, machozi yakimlengalenga, akaendelea kujaza. Inhela, ile dawa ya kuvuta, aliificha nyuma ya marobota.

Mkwewe alikuwa na neno lake: "Vumbi ni hili hili, mwanangu. Mbona sisi hatufi?"

Asubuhi moja mkwewe aliagiza marobota yahamishwe ili pafagiwe. Mchana kifua kikabana. Zumari akapapasa ukutani, inhela haipo. Walimfikisha hospitali ameshanyamaza.

Haukupita muda mrefu, binti yake naye akaanza kupiga filimbi. Bibi yake, yule yule mkwe wa Zumari, akampeleka kliniki mwenyewe, njia nzima akisema hiyo ni damu ya ukoo wa yule mama. Daktari akamweleza polepole. Mwili una walinzi wake. Maagizo ya walinzi hao tunayarithi, nusu kwa baba, nusu kwa mama, na hutofautiana kidogo kidogo baina ya mtu na mtu. Wapo ambao walinzi wao huliona vumbi kama jambazi. Wakilivamia, njia ya hewa huvimba. Si lazima kila mwenye maagizo hayo augue, ila yuko karibu zaidi na hatari, na vumbi humsukuma. Ndiyo maana vumbi ni moja, vifua havifanani.

Kisha akamtazama. "Na wewe bibi, macho hayo mekundu, sufi haikuwashi?"

Ilimwasha tangu usichana wake. Siku zote alisingizia moshi wa jikoni. Na mwanawe, baba wa mtoto, huamka na chafya. Bibi aliinamia viatu vyake.

"Nilimcheka mkeo kwa kitu ambacho huenda nami ninacho," alimwambia mwanawe jioni ile. Chakula hakukigusa.

Siku hizi inhela ya mjukuu inaning'inia msumarini karakanani, kando ya mkasi, kila mtu anaiona. Juzi mjukuu alisimama mlangoni akajibana kitambaa mdomoni, kama alivyomwona mama yake. Bibi akakitoa taratibu. "Kohoa, mjukuu wangu. Kohoa tukusikie."

Tunampa pole mume, tunampa pole binti, na bibi pia, maana mzigo wa aibu hauna wa kukutua. Nawe unayetusikiliza, hebu geuka utazame hapo nyumbani. Nani anameza kikohozi kwa kukuogopa wewe?