Ndugu Niliyemtoa Kwenye Orodha

Lusajo, zima hiyo redio. Brenda, niinulie mto, kisha kaeni wote wawili mahali ninapoziona nyuso zenu, maana haya nitayasema mara moja na kwa mpangilio wake, na pumzi iliyobaki haitoshi kurudia.

Nyumba hii ya hapa Mpemba ni ya mama yenu maisha yake yote. Mashine ya kukoboa na kusaga ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Shamba la kahawa la kijijini Ruanda, eka tatu, msiliulize mpaka nimalize.

Tukuswiga mnamkumbuka. Alikuja kutoka Ikinga na begi moja, nikamwajiri kupakia magunia, na kwa miaka kumi na tisa tukala sahani moja. Hata sasa gari la Wazambia likipiga honi getini, natega sikio nimsikie akiwapokea kwa Kibemba chake kibovu, "Mulishani, bamayo, sembe ipo!", yaani hamjambo, mama, na ninaposikia sauti ya mtu mwingine nageukia ukutani.

Mwaka 2023 alikuja mkaguzi wa Mfuko wa Fidia. Mwajiri huchangia huko sehemu ndogo ya jumla ya mishahara anayolipa, ili mfanyakazi akiumia kazini afidiwe. Mimi nilikuwa nimetaja wafanyakazi sita. Yeye alihesabu saba, akanikadiria mchango wa saba pamoja na malimbikizo. Wa saba alikuwa Tukuswiga, ambaye mshahara nilimpa mkononi bila kusainishana. Nikaandika pingamizi la kurasa nne, kwa ufasaha wote niliopewa na chuo kikuu, kwamba huyu si mwajiriwa bali ni ndugu yangu wa tumbo moja, anayeishi kwangu na kunisaidia.

Tulipoitwa, afisa wa Mfuko, mama mmoja, alimuuliza Tukuswiga, "Mzee Hezron ni nani wako?"

Akasimama, kofia mkononi. "Ni kaka yangu. Kwake nakula, kwake nalala."

"Na mshahara?"

Akacheka. "Mama, ndugu na ndugu wanalipana?"

Jibu hilo sikumfundisha, wanangu. Alikuwa ameisoma barua yangu akaamini nimeiandika kwa mapenzi, aliomba nakala, akaikunja ndani ya Biblia yake, na njia nzima ya kurudi alikuwa akirudia, "Kaka, kumbe umeniandika hata serikalini!" Nami nikamwacha aamini hivyo.

Pingamizi likakubaliwa. Kwa kuliondoa jina lake niliokoa shilingi elfu kumi na mbili kwa mwaka, fedha isiyonunua hata mkanda mpya wa mashine. Miezi saba baadaye mkanda ule wa zamani ulimshika mkono wa kulia, na hospitali wakaukata juu ya kiwiko.

Brenda, wewe ulisema, "Baba, tupeleke taarifa Mfuko." Nikakukatalia, kwa kuwa ningeyakana maandishi yangu mwenyewe. Tukuswiga alisikia akiwa mlangoni. Hakunitukana. Aliiacha ile nakala juu ya kiti chake, akavuka mpaka kwenda kwa dada yake Nesta, Nakonde, upande wa Zambia, na kwa macho haya sijamwona tena. Mwendo wa nusu saa, wanangu, na tangu siku hiyo sikuthubutu kuvuka.

Sasa fanyeni hivi. Chini ya mto huu kuna tamko nililolitia sahihi mbele ya wakili: kwamba pingamizi langu lilikuwa la uongo, na Tukuswiga alikuwa mfanyakazi wangu siku ile alipoumia. Lipelekeni Mfuko. Wakidai malimbikizo na adhabu, lipeni, msipinge hata shilingi. Wakisema muda wa kudai umepita, msimlaumu mtu ila mimi. Kwa vyovyote, shamba la Ruanda ni lake. Ile miche tuliipanda naye, mikono yake yote miwili ikiwepo.

Kisha... nipe maji, Lusajo... kisha mvuke, mwende kwake. Msianze na karatasi. Mwamkieni kwanza: shikamoo, baba mdogo. Akiitikia, ndipo mzitoe. Asipoitikia, kaeni hapo hapo uani, msubiri. Mwambieni mimi... kile kiti chake sikumpa mtu kukikalia.

Mungu awalinde, awape ujasiri wa kuvuka ambao mimi... Nyamazeni kidogo. Kuna honi ya Wazambia getini. Lusajo, hebu chungulia... ni nani anayewaitikia?