Karamu ya Kumuaga Bwana Voi, Yeye Mwenyewe Hayupo

Bwana Vojtěch Hanzlík amestaafu tarehe 30 Aprili mwaka huu, baada ya kuitumikia Jamhuri ya Cheki kwa miaka thelathini na mitatu, saba ya mwisho ikiwa katika ubalozi wao hapa Saudia. Kwa desturi, makala ya namna hii huandikwa kabla ya sherehe, ili mhusika aisome akiwa amekaa mbele na tai yake shingoni. Hii imeandikwa baada ya sherehe, na mhusika hakuwapo. Wasomaji wa jarida letu la Waswahili wa Jeddah na Riyadh mmenipigia simu wiki nzima kuniuliza kulikoni. Mnadhani kwa kuwa mie ni mtarjumani wake basi nafahamu kila kitu. Wallahi sifahamu kila kitu, lakini nitaeleza nilichokiona.

Tuanze na jina, maana hata hilo lilitutatiza. Jina lake la kwanza linataka mtu akohoe mwishoni, na wengi wetu lilitushinda. Wakenya wakalikata, wakamwita Bwana Voi, kama ule mji wao. Tangu hapo kila mgeni mpya akamuuliza kama ana shamba kule Taita, naye akajibu kwa upole kwamba bado anatafuta.

Alizaliwa Olomouc, mtoto wa fundi saa. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Nairobi, akiwa ofisa mdogo asiye na gari. Likizo zake zote alizimalizia Unguja, Vikokotoni, kwa bibi mmoja aliyeitwa Bi Zuwena, ambaye alimpangisha chumba na kumlea kama mwanawe. Huyo ndiye aliyemfundisha Kiswahili, kula kwa mkono, na kumpokea mgeni. Mgeni, alisema Bi Zuwena, hapewi hata maji kabla hajafukiziwa udi mlangoni, anukie, ajue amefika kwa watu. Bwana Voi aliyashika hayo, akaenda nayo Cairo, akarudi nayo Praha, hatimaye akaja nayo Riyadh.

Kazi aliifanya vizuri, na hilo halina ubishi. Wanafunzi wengi wa hapa wamekwenda kusoma udaktari kwao kwa jitihada zake. Watalii wa Kicheki waliopoteza pasi zao Jeddah walimkuta kituoni kabla ya polisi kumaliza chai. Mvua ikinyesha, alitoka na kikapu kwenda jangwani kutafuta uyoga, kama wafanyavyo kwao misituni, na mara moja wachunga ngamia walimrudisha mjini yeye na kikapu chake, wakicheka. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: usingizi. Ikifika saa tatu usiku kichwa kinalala begani. Kwa hiyo karamu za Riyadh, ambazo saa hiyo ndiyo kwanza watu wanawasili, hakuwahi kufika mwisho wake hata moja.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kuchanganyika.

Mpishi wa nyumbani kwake ni Pauline, wa Kitale. Pauline ana binamu yake, Damaris, anayefanya kazi za ndani Al-Safa, Jeddah, katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja tumwite Abu Faris. Binti wa Damaris, Valary, alikuwa aolewe. Harusi ilikwisha kuahirishwa mara mbili kwa sababu binti alisema haingii kanisani bila mama yake, aliyemwacha akiwa bado shule ya msingi. Safari hii wakwe na mchungaji walisema hakuna kuahirisha tena. Damaris asipofika, ndoa ifungwe bila yeye au isifungwe kabisa.

Abu Faris, kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, si mtu mbaya. Hakukataa hata siku moja kumpa ruhusa ya kutoka nchini. Alisema tu baada ya Ramadhani, kisha baada ya madam kujifungua, kisha baada ya mtoto kuota meno. Pauline alipomlilia Bwana Voi, alimjibu kwamba Damaris si Mcheki, hana mamlaka naye, wala hawezi kuandika chochote kwa jina la serikali yake. Halafu akasema jirani hahitaji mamlaka kumwalika mwenziwe chakula.

Ana nyumba ya kupanga Al-Nuzha, si mbali na Al-Safa, anapofikia akija Jeddah kikazi. Akamwalika Abu Faris na nduguze wawili, baada ya magharibi. Pauline alipika pilau ya mbuzi siku nzima. Mie nilikuwa jikoni nikimsaidia kupakua, maana sinia lilikuwa zito. Tulipotoka nalo sebuleni hapakuwa na mtu ila Bwana Voi, amesimama katikati, chetezo mkononi, moshi unapanda, anatuuliza wageni wamekwenda wapi.

Jamani. Aliwapokea kwa udi. Mtu wa Riyadh, na Abu Faris kwao ni Riyadh, akiletewa udi anajua shughuli imekwisha. Anajifukiza ndevu, anashukuru, anaondoka. Baada ya udi hakuna kukaa, na Bwana Voi, kwa usingizi wake, hakuwahi kuuona ukiletwa. Wale watu walifika, wakafukiziwa kabla ya kuketi, wakatazamana, wakashukuru kwa adabu zote, wakavaa viatu. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Anayebeba mila ya watu wengine akaipeleka kwa watu wa tatu, huyo tumwiteje? Mie sijui mpaka leo.

Nilimweleza. Akakaa kitako, akafunika uso. Alikuwa hasikitikii pilau. Alikuwa anasema jina la Valary, ambaye hajamwona maishani mwake.

Lakini Abu Faris naye alikuwa hajui la kufanya. Kama amefukuzwa, amekosa nini? Na kama hakufukuzwa, udi ule ulikuwa wa nini? Mtu wa heshima akitatizika hualika. Siku chache baadaye, Ijumaa, tuliitwa Al-Safa kwa chakula cha mchana.

Tulikula, tukala tena. Ilizungumzwa bei ya saruji, ukazungumzwa mpira, ikazungumzwa baridi ya Ulaya. Bwana Voi hakugusia haja yake. Aliona haya kuanza, nami si kazi yangu kumuanzia. Ukaletwa udi. Nikamfinya paja ili tuinuke. Akajifukiza kidogo, kola na kidevu, akarudi kukaa. Kijana wa kahawa hakujua amimine au asimimine. Udi ukazungushwa mara ya pili. Wakwe zake Abu Faris waliokuwapo wakaondoka, watoto wakaondoka, mie mwenyewe nilikuwa nimekwisha kusimama. Yeye amekaa, mikono magotini, masikio mekundu.

Abu Faris akamuuliza kama anaumwa.

“Siumwi,” akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. “Udi umepita mara mbili, nami sijasema nililojia. Bintiye Damaris anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na mama yake yuko jikoni kwako.”

Nilitamani ardhi inimeze. Abu Faris akauliza kama yeye atamdhamini kwamba mwanamke huyu atarudi. Na hapa, nyie wasomaji, mwanadiplomasia yeyote angesema ndiyo, inshallah, mambo yakaisha. Bwana Voi alisema hawezi kumdhamini mtu, kwa sababu Alhamisi anastaafu na hana tena cheo cha kudhamini hata paka. Abu Faris akauliza, basi amekuja kama nani? Akajibu: jirani, wa siku tatu kwa mwezi.

Abu Faris akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaagiza Damaris aitwe. Akaja na aproni yake, amesimama mlangoni, macho chini. Bosi wake akamuuliza mwenyewe, bila madam katikati, kama akienda atarudi. Damaris akasema hajui. Alisema anawapenda watoto wa nyumba ile na hajui, kwanza amwone wa kwake. Nilitarjumu neno kwa neno, nikijua nimeiua safari. Abu Faris akatoa simu yake, ambamo ruhusa hizo hutolewa siku hizi, akaibonyeza palepale mbele yetu. Alisema hamwambii halas, basi tena, mtu asiyemdanganya. Kwa nini ukweli ule ulifanya kazi na maombi ya miezi yote hayakufanya, sielewi, wala Abu Faris mwenyewe nadhani haelewi.

Mngedhani mambo yamekwisha hapo. Kumbe harusi ya Kitale na sherehe ya kumuaga Bwana Voi hapa Riyadh ni Jumamosi moja. Pauline alikuwa ameahidi kupika sherehe, kwa hiyo hawezi kwenda kwenye harusi ya mtoto wa binamu yake. Akamwomba Bwana Voi amwakilishe. Naye akaona ni sawa kabisa. Mie nilijua anamsindikiza Damaris uwanja wa ndege tu, maana Damaris aliogopa kurudishwa mlangoni. Alinipigia akiwa ameshafunga mkanda ndani ya ndege. Nilimwambia sherehe ni yake! Akasema anajua, na kwamba tuanze bila yeye, chakula kisipoe.

Tukaanza. Wakubwa walikihutubia kiti kitupu. Zawadi, sanduku la kusafiria, ilikabidhiwa kwa Pauline, ambaye hakujua aiweke wapi. Watu walipiga makofi, wakaacha, wakapiga tena. Abu Faris alikuja kutoka Jeddah, akala mpaka mwisho.

Tukiwa tunakata keki, simu yangu ikalia. Ilikuwa ni sauti ya Damaris, nyuma yake vigelegele na mtu akilia karibu sana na simu. Niliwawekea wote wasikie.

“Hilal, mwambie Abu Faris bado sijajua kama nitarudi. Leo niko bize. Mimi ni mama wa bibi harusi.”

Pauline alikaa chini juu ya lile sanduku, akalia, na hakuna aliyemkataza.

Bwana Voi, sisi wa ofisini, wa jikoni na wa jarida hili tunakushukuru kwa miaka yote, na kwa ile Ijumaa zaidi ya yote. Popote utakapoamua kuishi, maana hilo nalo hujatuambia, uishi kwa afya na amani.

Hilal Murad, mtarjumani